Waliomtaja Profesa

Mwaka ule taasisi yetu ilipotafuta mkuu mpya wa idara ya usalama wa chakula, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhesabu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya, na mpaka leo ninaifanya. Ninakaa kwenye ofisi ndogo Upper Hill, hapa Nairobi, dirisha likitazama kreni za majengo mapya na mgongo wa hospitali, na kila mtafiti anayetaka kupandishwa cheo, faili lake hupitia kwangu. Siangalii alisoma wapi wala kwao ni wapi. Ninaangalia ameandika makala ngapi, zimechapishwa kwenye majarida gani, na watafiti wengine wamezitaja mara ngapi katika makala zao. Kule kutajwa ndiko tunakokuita nukuu. Mtu wa Eldoret akiandika makala, na mtu wa Brazili akaitaja kwenye ya kwake, mtu wa Eldoret amejiongezea nukuu moja. Mwenye nukuu nyingi huchukuliwa kuwa kazi yake imewafaa wengi.

Niliiamini hesabu hiyo, na nilikuwa na sababu. Nilipoingia taasisi, vyeo vilikuwa vinagawanywa kwa simu. Nafasi ingetangazwa, watu wangeleta maombi, halafu mtu fulani angempigia mtu fulani, na mambo yangeisha hapo. Mama mmoja niliyekuwa nikikaa naye ofisi moja, mtafiti wa mihogo kutoka upande wa Busia, aliachwa nyuma hadi akachoka. Siku aliyofungasha vitu vyake kwenye katoni aliniambia, bila hasira yoyote, "Wewe hutasumbuka hapa. Jina lako linatoka upande unaofaa."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Mimi ni mtu wa Dagoretti, nimezaliwa hapo kama alivyozaliwa babu yangu, na waliokuwa wakipiga zile simu wengi wao walikuwa watu wa kwetu. Sikutaka kupanda ngazi namna ile. Mkurugenzi mpya alipoletwa, nilimwandikia pendekezo kwamba vyeo vyote viamuliwe kwa hesabu ya machapisho na nukuu, na kanuni iwe wazi kwa kila mtu. Alilisoma siku hiyo hiyo, akaniita.

"Namba haina kabila," alisema. "Hiyo ndiyo ninayoitaka."

Bodi ikapitisha. Kiti cha mkuu wa idara ndicho kilikuwa cha kwanza kikubwa kujazwa kwa kanuni mpya, na walioomba walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Profesa. Tulimwita hivyo tu, Profesa, ingawa maprofesa walikuwa kadhaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa sweta chini ya koti hata kukiwa na jua, na alikuwa mzee wa kanisa kwenye parokia yetu kule Dagoretti. Yeye ndiye aliyemwambia mama yangu kwamba taasisi inatafuta mtu aliyesomea ukutubi na takwimu. Baba alipolazwa hospitali kuu, Profesa alikuwa akitembea kutoka ofisini saa ya chakula cha mchana, anapita katikati ya magari, anakwenda kuketi naye. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyesimama na kusema machache kuhusu maisha yake, bila kusoma kwenye karatasi.

Wa pili nitamwita Daktari. Alikuwa mdogo kwa Profesa kwa miaka mingi, kwao Vihiga, mama wa mapacha. Alifanya kazi kwenye maabara iliyokuwa chini ya Profesa. Alikuwa ameandika makala nyingi ndogondogo kuhusu mahindi, njugu na maziwa, kwenye majarida yasiyosomwa sana. Hakuwa mtu wa maneno. Mkikutana kwenye ngazi angekusalimia kwa "Sasa" na kuendelea na safari yake.

Nilihesabu kwa wiki moja na ushei, nikarudia, nikampa mwenzangu wa takwimu naye ahesabu bila kuona majibu yangu. Hawakukaribiana hata kidogo. Profesa alimwacha Daktari mbali sana, na makala moja tu ndiyo iliyombeba. Ilikuwa makala ya zamani kidogo, kuhusu njia rahisi ya kupima sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi. Kwa kawaida kuipima kunahitaji mashine ya bei kali na mtu aliyesomea kuitumia. Njia ya Profesa ilikuwa ya karatasi na dawa, na mwenye kinu cha kusaga unga angeweza kuifanya mwenyewe mlangoni kabla ya kupokea gunia. Watafiti wa kila pembe ya dunia walikuwa wameitaja. Taasisi nayo ilikuwa na mpango: mkuu mpya wa idara angeanzisha upimaji kwenye vinu vya unga, kuanzia Nairobi hadi Kitale. Kila mtu alijua Profesa akikalia kile kiti, njia itakayotumika ni yake.

Namba hazikai ofisini. Sikuwa nimempa mtu yeyote karatasi ila Mkurugenzi, lakini kufikia chai ya saa nne kesho yake watu wa ghorofa yetu walikuwa wakimpa Profesa mkono. Jioni mama alinipigia simu.

"Nimesikia mzee wetu amepita," alisema.

"Bado bodi haijakaa, Mama."

"Lakini wewe si umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Basi Mungu ni mwema."

Mkurugenzi naye alikuwa amefurahi. Aliniambia hakuna atakayethubutu kusema tumependelea, kwa sababu namba ziko pale na kanuni iko pale. Kisha akaongeza jambo dogo. Baadhi ya wanabodi hawakuwa wanasayansi. Mmoja alikuwa wakili, mwingine alikuwa mkulima mkubwa wa Trans Nzoia. Alitaka niwaandalie ukurasa mmoja wenye sentensi chache kutoka kwa watafiti wa nje, waone kwa maneno jinsi makala ile ilivyothaminiwa.

Ilikuwa Alhamisi. Niliketi na kikombe cha chai, nikafungua makala za waliomtaja Profesa, nikaanza kutafuta sifa.

Ya kwanza ilimtaja katika sentensi iliyosema kwamba wamejaribu njia yake na hawakupata majibu aliyoyapata. Nikaipita, nikijiambia hakuna kazi isiyo na mpinzani. Ya pili ilimtaja pamoja na wengine kumi katika mstari mmoja, kama mtu anayetaja majirani. Ya tatu ilisema njia hiyo inaweza kupitisha mahindi yenye sumu kana kwamba ni safi. Ya nne ilisema vivyo hivyo kwa maneno mengine. Ya tano iliandikwa na mwanafunzi wake wa zamani, na yenyewe ilimsifu, lakini haikuwa imejaribu chochote.

Niliacha chai. Nikaanza kupanga: wanaosifu huku, wanaopita tu huku, wanaokanusha huku. Nje walikuwa wakipasua mwamba wa msingi wa jengo jipya, na kila baada ya muda kioo cha dirisha kilitetemeka. Nilisoma hadi wenzangu wakaanza kufunga milango. Upande wa wanaokanusha ulikuwa umeshinda pande zote mbili. Watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana, walikuwa wameijaribu njia ile na ikawashinda, na kila mmoja alipoandika hivyo alilazimika kuitaja makala yenyewe. Mashine zetu za kuhesabu haziulizi umetajwa kwa heri au kwa shari. Zilikuwa zimempa Profesa nukuu moja kwa kila mtu aliyesema amekosea.

Nilishuka kwa ngazi kwa sababu sikutaka kukutana na mtu kwenye lifti. Nilikuwa nimeogopa, na hofu yangu haikuwa ya Profesa peke yake. Kanuni ile ilikuwa yangu. Niliwaza pia vile vinu. Pale Dagoretti, barabara ya kwenda machinjioni, kuna kinu ambacho mama hununua unga kila wiki, na wanawake hupanga foleni na ndoo zao kuanzia asubuhi.

Ijumaa nilimpigia Profesa nikamwomba tuonane mahali ambapo si ofisini. Alisema alikuwa na mkutano Westlands mchana, nimkute kwenye mkahawa mmoja wa ghorofa ya pili ndani ya duka kubwa. Nilikwenda kwa teksi niliyoita kwa simu, na foleni ya Waiyaki Way ikanipa muda wa kupanga maneno na kuyapangua.

Alikuwa ameshaagiza chai ya maziwa ya watu wawili. Alinivutia kiti.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Prof."

"Mguu ulipona?"

"Unamsumbua kukiwa na baridi."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitoa karatasi zangu, nikaziweka mezani kati ya vikombe. Hakuzigusa. Alizitazama tu.

"Umewasoma," alisema.

"Nimewasoma. Mkurugenzi alitaka sentensi za kuwaonyesha bodi."

"Na umekosa."

"Nimekosa."

Meza ya jirani vijana walikuwa wakicheka juu ya simu ya mmoja wao. Profesa alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Wa kwanza walipoandika, nilidhani hawakufuata maelekezo," alisema. "Nikakasirika hata. Waliofuata nikasema ni mahindi yao, hayafanani na ya kwetu. Halafu siku moja nikaingia maabara mwenyewe, Jumamosi, hakuna mtu, nikairudia toka mwanzo. Haikukubali. Nikarudia tena. Haikukubali."

"Mbona hukuandika?"

"Nilikuwa nakwenda kuandika. Lakini wiki hiyo hiyo mliniletea keki."

Niliikumbuka ile keki. Taasisi ilikuwa imesherehekea makala iliyotajwa kuliko zote tangu ianzishwe. Mimi ndiye niliyempa Mkurugenzi aliyetangulia hiyo habari.

"Kila aliyenikosoa aliniongezea cheo, msichana wangu," alisema. "Kadiri walivyosema nimekosea, ndivyo nilivyoalikwa kwenye makongamano. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

Nilimuuliza kuhusu vile vinu, kama kweli akipewa idara atapeleka ile njia kwa watu.

"Ningeirekebisha kwanza."

"Na kama hairekebishiki?"

Hapo uso wake ulibadilika. Aliegemea nyuma na kufunga kifungo cha koti, na sauti aliyotumia ilikuwa ile ya vikao vya wazee wa kanisa, ya chini na isiyo na haraka.

"Kanuni uliiandika wewe. Inasema uhesabu. Haijasema usome."

"Ni kweli."

"Sasa ukienda mbele ya bodi Jumanne useme umesoma, watakuuliza kwa nini umesoma makala zangu tu. Umesoma za yule mwenzangu?"

"Nimezisoma zote jana usiku na leo asubuhi."

"Watakuuliza mwingine aliyepandishwa cheo mwaka jana, ulisoma za kwake? Hukusoma. Kanuni yako itaanguka, na zile simu zitarudi. Hilo unalijua."

Nililijua. Ndilo lililoninyima usingizi. Aliita mhudumu, akalipia chai, akaniambia nimsalimie mama, kisha akasema anatumaini atatuona kanisani. Alisema hivyo kwa upole uleule wa siku zote, nami nikabaki pale nikitazama magari yamesimama chini barabarani, sijui kama nimetishwa au nimeombwa.

Jumapili alikuwepo. Aliketi kwenye benchi la wazee mbele, na wakati wa matangazo mchungaji akawaomba waumini wamkumbuke katika maombi kwa ajili ya jukumu kubwa linalomjia. Mama alikuwa kando yangu na kitambaa chake cha Guild, chama cha akina mama wa kanisa, akasema amina kabla ya wengine.

Nyumbani nilimsaidia kuponda mukimo wa viazi na mahindi. Sikutaka kumwambia, lakini mama huyaona mambo kwenye mabega yangu.

"Una nini, mwanangu?"

Nikamwambia, si yote, lakini ya kutosha. Aliendelea kuponda. Alipomaliza alikifunika kile chakula kwa sahani na kukaa.

"Kwani umeulizwa?"

"Sijaulizwa."

"Basi unakimbilia nini? Mtu aliyekaa na baba yako wakati ndugu zake wenyewe hawakuja."

"Wanataka kupima unga kwa hiyo njia yake, Mama. Hata huu unaonunua."

"Unga huu tumekula tangu ukiwa mtoto." Alinitazama. "Utaweza kupita pale kanisani?"

Nilisema sijui. Aliniwekea chakula kingi kuliko ninavyokula, na hatukuzungumzia tena jambo hilo siku hiyo. Wakati wa kuondoka hakunisindikiza hadi getini kama desturi yake. Alisema mguu unauma.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha mafungu matatu ya makala. Alisoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Unajua unachoniomba?"

"Ninaomba bodi ijue."

"Unaomba turudi kubishana. Leo wewe umesoma ukaona hawa wanamkosoa. Kesho mtu wa Profesa atasoma aone wanamsifu. Kila mtu atasoma anavyotaka. Tulikubaliana kuhesabu kwa sababu hatuaminiani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na watasema nini juu yako? Watu wa kwenu watasema umemuuza mzee wako. Wale wengine watasema wewe na Profesa mlikuwa mnapika namba, mkakosana." Alizirudisha karatasi kwangu, si kwa ukali. "Kesho utasoma hesabu, uketi. Ukiulizwa swali, jibu. Usipoulizwa, kaa kimya. Hayo ni maagizo, nataka tuelewane."

Nilitoka nikiwa nimeelewa. Nilirudi ofisini nikaziweka karatasi kwenye droo, nikazitoa, nikaziweka kwenye mkoba.

Jumanne bodi ilikutana saa tano asubuhi. Wanabodi walikaa kuzunguka meza ndefu, na waombaji wawili wakaambiwa wangoje kwenye chumba cha jirani. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mtu wa Mombasa mwenye Kiswahili kilichotufanya sote tujichunge. Alinikaribisha. Nilisimama nikasoma hesabu: makala za Profesa, nukuu za Profesa, makala za Daktari, nukuu za Daktari. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Mwanabodi mkulima alisema, "Hapo hakuna maneno." Wengine wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akaanza kufunga faili.

"Kuna swali lolote kwa mtakwimu wetu?" aliuliza.

Hakuna aliyeuliza. Mkurugenzi alinitazama akaelekeza macho kwenye kiti changu. Nilishika ukingo wa meza. Nilijaribu kuketi. Nilifika nusu nikasimama tena, jambo ambalo lazima lilionekana kituko.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina la kuongeza, na sikutumwa kulisema."

"Kama hukutumwa, limetoka wapi?"

"Nimesoma walioandika."

Nikaeleza. Nilisoma sentensi zenyewe, moja baada ya nyingine, nikizitafsiri nilipohisi Kiingereza cha maabara kinawapotea wasio wanasayansi. Sauti yangu mwanzoni ilikuwa nyembamba, kisha ikatulia. Nilisema pia kwamba kanuni ni yangu, kwamba haikutaka kusoma, na kwamba walio na haki ya kunilaumu kwa hilo ni wengi. Mkurugenzi alikuwa anatazama mezani. Mkulima wa Trans Nzoia aliuliza, "Unasema gunia bovu linaweza kupita likaonekana zuri?"

"Wanasema wao, mzee. Mimi si mtu wa maabara."

"Basi aitwe wa maabara," alisema Mwenyekiti. "Waitwe wote wawili."

Waliingia. Profesa aliona zile karatasi mbele yangu akajua. Mwenyekiti hakuwapa viti mara moja.

"Profesa, njia hii ya kupima, inafanya kazi?"

Nilimwona Profesa akitazama dirishani, akimtazama Mkurugenzi, kisha akinitazama mimi. Nilidhani atakataa. Alikuwa na maneno ya kutosha kukataa. Wanasayansi wote wanayo. Angesema utafiti bado unaendelea, mazingira yanatofautiana, na nusu ya bodi ingempokea kwa furaha.

"Ilifanya kazi kwenye mahindi yale, msimu ule," alisema. "Sijaweza kuirudia."

"Swali langu halikuwa hilo."

"Haifanyi kazi, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akamgeukia Daktari. Alimuuliza kama naye aliwahi kuijaribu. Daktari alikuwa amekunja mikono mbele kama mwanafunzi.

"Niliijaribu nikiwa mgeni hapa. Haikukubali. Nikajaribu tena, ikakataa."

"Uliandika?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mkubwa wangu alikuwa yeye," alisema. "Na mimi nilikuwa na watoto wachanga na kandarasi ya mwaka mmoja."

Profesa alifunga macho. Sidhani kama alikuwa amelijua hilo. Alipoyafungua alisema, bila kuulizwa, kwamba anaondoa ombi lake, akaomba ruhusa atoke. Alitoka wima, akaurudisha mlango nyuma yake polepole bila kuubamiza.

Bodi haikumpa mtu kiti siku hiyo. Walibishana hadi jioni, kama Mkurugenzi alivyotabiri, na wengine walibishana kuhusu mimi. Mwishowe Daktari aliteuliwa kaimu, na baada ya muda wakamthibitisha. Mpango wa vinu uliahirishwa hadi wapate mashine za kweli. Kanuni haikuanguka, lakini ilibadilishwa: sasa anayehesabu lazima asome sehemu ya waliotaja, na mtu wa pili asome bila kuona maoni ya wa kwanza. Kazi imekuwa ndefu na ya kuchosha, na watu wanalalamika, nami ninalalamika pamoja nao. Kuna siku wasomaji wawili wanatofautiana kabisa juu ya sentensi moja, na hakuna mashine ya kutuamulia.

Mkurugenzi alikaa wiki kadhaa akinisalimia kwa kichwa tu. Barua ya onyo kwa kukaidi maagizo ililetwa, nikaitia saini. Haikuwa ya uonevu. Niliagizwa, na sikutii. Mama naye alichukua muda. Kanisani wanawake wawili wa Guild walihama benchi tulilozoea kuketi, na mama hakuwauliza sababu. Aliendelea kuketi pale pale, na mimi kando yake.

Profesa alibaki taasisi, kwenye maabara, chini ya Daktari. Sikujua ningemwambia nini tukikutana, kwa hiyo nilikuwa nikipita njia ndefu. Lakini asubuhi moja aligonga mlango wangu, akaingia na karatasi moja. Ilikuwa taarifa fupi aliyokusudia kuipeleka kwenye jarida lilelile lililochapisha makala yake, akiwaambia wasomaji kwamba ile njia isitegemewe.

"Wewe ndiye umewasoma wote," alisema. "Isome na hii."

Niliisoma. Ilikuwa safi, isipokuwa sentensi ya mwisho. Kwa Kiingereza alikuwa ameweka neno moja dogo la kujikinga, la maana ya "huenda". Huenda njia hii haifai.

"Hili la nini, Prof?"

"Ni uungwana wa uandishi."

"Kwa bodi hukulisema."

Alivuta kiti akaketi, mara ya kwanza tangu Westlands tukae hivyo, karibu. Alichukua kalamu yangu, akalikata lile neno. Akaitazama sentensi. Akaliandika tena juu yake, kwa herufi ndogo. Pembeni simu yangu iliita, nikaizima. Alikaa pale na kalamu hewani kwa muda, mzee aliyekuwa amesimama mbele ya jeneza la baba yangu bila kutafuta neno hata moja, kisha akalikata mara ya pili, kwa mstari mnene, akanirudishia kalamu.

"Ikishachapishwa utaihesabu?" aliuliza.

"Nitaihesabu. Ni makala."

"Na watakaoitaja?"

"Nitawasoma."

Alitikisa kichwa kukubali, akaniulizia mguu wa mama, akachukua karatasi yake na kurudi maabara.